Kuwa na Nguvu Sio Kutiiwa

Jamani nimechoka. Kila ukifunguliwa mjadala wa mataifa makubwa lazima atokee mtu aseme "wana jeshi, wana hela, jirani mdogo atafanya nini, si atatii tu". Kuchambua sera za nje ndo kazi yangu na nasema hapana, haiendi hivo.

Uchumi na jeshi vinaamua taifa linaweza kuthubutu nini. Pato likipanda maslahi nayo yanatanuka, jambo ambalo jana halikuwahusu leo wanaliita usalama wa taifa. Hilo sibishi. Ila kuthubutu ni kimoja, kupata ni kingine.

Chukua Nepal 2015. Haina bahari na mafuta yake yote ilikuwa inanunua India. Septemba ikapitisha katiba mpya, India haikufurahi, na Wamadhesi, jamii ya tambarare za kusini mwa Nepal, wakaandamana kuipinga wakakalia daraja la mpakani kati ya Birgunj ya Nepal na Raxaul ya India, malori yakakwama upande wa India miezi na miezi. India ilikana kufunga mpaka, lakini hata vituo visivyokuwa na waandamanaji malori yalipita kwa tabu. Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, gesi ikaadimika, watu wakarudi kwenye kuni. Sasa tazama matokeo: Januari 2016 katiba ikarekebishwa kidogo tu, haikufutwa, Waziri Mkuu K. P. Sharma Oli akajijengea jina la mtu asiyepiga magoti, na Machi akaenda Beijing kusaini mkataba wa kupitishia bidhaa China. Njia hiyo ni milima mitupu na bado mizigo mingi inapita India, kwa hiyo nguvu ya India ipo palepale, ila utii haukuja, na ndo hapo watu wanaponichosha, wanachanganya hivi viwili kila siku.

Mengine fasta: Kuba iko chini ya vikwazo vya Marekani tangu 1962 na Chama cha Kikomunisti bado kinatawala. China iliingia Vietnam Februari 1979 kuiadhibu kwa sababu Vietnam ilikuwa imeivamia Kambodia, Machi ikatoka, Vietnam ikabaki Kambodia hadi 1989.

Kinachoninyima raha ni kipimo. Mkubwa akishindwa tunasema hakuwa na nguvu "halisi", akishinda tunasema alikuwa nayo, yaani tunaipima kwa matokeo halafu tunaitumia kuyaeleza matokeo yaleyale. Huko ni kujizungusha, na sisi wa fani hii tunapenda kupita hapo harakaharaka bila kutazama.