Saa moja kwa wiki

Watu wengi huniuliza swali moja, na huniuliza kwa uchungu: inawezekanaje ripoti iseme wasio na ajira Kenya ni asilimia 4.9, ilhali karibu kila boma lina kijana aliyemaliza masomo na amekaa tu? Kiwango hicho kilitolewa na Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, kwa robo ya mwisho ya mwaka 2022. Hakikupikwa. Kinachotupotosha ni maana ya neno "ajira" ndani ya ripoti.

Nilianza kazi hii kama karani wa kuhoji, nikipita nyumba kwa nyumba na dodoso. Kayole, mtaa wa Nairobi, nilimkuta kijana mwenye shahada. Nikamuuliza kama katika siku saba zilizopita alifanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja. Akasema hapana. Mama yake akaitikia kutoka jikoni: "Si Jumanne ulishusha mchanga kwa jirani?" Alikuwa ameshusha, saa tatu, akalipwa shilingi 300. Nikaweka alama panapostahili. Akaiangalia ile karatasi, kisha akaniangalia mimi: "Kwa hivyo, dada, mimi nina kazi?"

Kwa takwimu, ndiyo. Kipimo cha saa moja kilipitishwa na wanatakwimu wa kazi wa kimataifa walipokutana Geneva mwaka 1982, chini ya Shirika la Kazi Duniani. Sababu yao ina maana: kazi yote inayoingia katika pato la taifa lazima ihesabiwe, hata kibarua cha asubuhi moja. Mwaka 2013 walikutana tena wakaondoa kwenye ajira kilimo cha chakula cha nyumbani. Saa moja ikabaki.

Upande wa pili, ili uitwe huna ajira lazima mambo matatu yatimie: hukufanya kazi, uko tayari kuanza, na umekuwa ukitafuta katika wiki nne zilizopita. Aliyechoka kuzunguka na bahasha ya vyeti akaacha hahesabiwi tena miongoni mwa wasio na ajira. Anatolewa kabisa kwenye nguvukazi, yaani jumla ya walio na kazi na wanaoitafuta. Hapo ndipo roho huniuma, kwa sababu watu wakikata tamaa kwa wingi kiwango chaweza kushuka, na kushuka huko kukatangazwa kama habari njema.

Hata hivyo kipimo hiki si bure. Mwaka 2020 kilipanda kutoka asilimia 5.2 katika robo ya kwanza hadi 10.4 katika robo ya pili, korona ilipofunga hoteli, shule na baa. Mshtuko kinauona. Kazi duni ndiyo kisiyoiona, na katika nchi ambayo mtu asiye na kazi halipwi posho na serikali, ni wachache wanaoweza kumaliza wiki nzima bila kugusa chochote.

Ndiyo maana mimi hutazama nafasi mpya za kazi zimetokea wapi. Mwaka 2024 zilihesabiwa takriban 782,000, na karibu 704,000 kati yake zilikuwa za sekta isiyo rasmi: jua kali, mama mboga, vibanda vya kando ya barabara. Hesabu hiyo haijumuishi hata wakulima wadogo na wafugaji.

Mishahara nayo isomwe kwa tahadhari. Wastani unaochapishwa ni wa sekta rasmi, kwa hiyo yule kijana wa mchanga hayumo. Na aliyemo apime nyongeza yake na mfumuko wa bei: mwaka 2023 bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 7.7, kwa hiyo aliyeongezwa asilimia 4 alirudi nyumbani na unga mdogo kuliko mwaka uliotangulia.

Ripoti ya robo mwaka ikitoka, usiishie ukurasa wa mwanzo. Tafuta jedwali la wanaofanya kazi saa chache huku wakitaka zaidi, na la walioacha kutafuta. Yule kijana wa Kayole yumo katika hilo la kwanza.