Masomo ya Kiafrika na wananchi: tunayoyaamini na yaliyotokea

Chuo kikuu kikitangaza kituo kipya cha Masomo ya Kiafrika, yaani taaluma ya kuichunguza historia, lugha na utamaduni wa Afrika, au kikitia saini makubaliano na kijiji au kikundi cha kina mama, lugha ya hafla huwa ni moja: wasomi "wameshuka" kwa wananchi, "wamewapelekea" elimu. Wapiga makofi hawana kosa, kwa kuwa ndivyo tulivyosimuliwa. Lakini masimulizi hayo yanawanyima watu wetu haki yao, na kumbukumbu za kuyasahihisha zipo.

Dhana: Taaluma hii ilibuniwa Ulaya na Marekani, sisi tukaletewa

Kuna ukweli kidogo hapa, ndiyo maana dhana haifi. Berlin ilianza kufundisha Kiswahili chuoni mwaka 1887, maana Ujerumani ilihitaji maofisa wa kutawala koloni lake. Uingereza ikaanzisha chuo chake cha London, kinachoitwa leo SOAS, mwaka 1916. Kwa Marekani hutajwa mwaka 1948, Melville Herskovits alipoanzisha programu ya Masomo ya Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Miaka kumi baadaye serikali ya Marekani ikapitisha sheria ya kugharimia vituo vya namna hiyo. Msukumo wake ulikuwa hofu iliyowashika baada ya Warusi kurusha Sputnik, satelaiti ya kwanza, mwaka 1957.

Sasa tuangalie walioachwa nje ya orodha. William Leo Hansberry alianza kufundisha historia ya kale ya Afrika mwaka 1922 katika Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha Wamarekani weusi. Hiyo ni robo karne kabla ya Northwestern. Chuo cha Fisk, nacho cha Wamarekani weusi, kilikuwa na programu ya Masomo ya Kiafrika mwaka 1943. Fedha nyingi na sifa zikaenda kwingine. Uchungu huo ndio uliolipuka Montreal mwaka 1969, wasomi weusi walipousimamisha mkutano mkuu wa chama cha taaluma hiyo wakidai nafasi sawa katika uongozi wake.

Na huko Berlin, nani alikuwa anafundisha? Miongoni mwa walimu alikuwamo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeanza kazi hapo mwaka 1900. Alieleza kwa kina mila za Waswahili wa pwani, kuanzia ndoa na unyago hadi biashara na safari za bara. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1903, na jina lililowekwa mbele ni la Carl Velten, mwalimu Mjerumani. Vizazi vya wanafunzi wa Ulaya vimejifunza mila za Waswahili kwa maneno ya mtu wa Bagamoyo huku wakimtaja mwingine.

Barani kwenyewe kazi ilianza mara tu baada ya uhuru. Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, kilikuwa na taasisi yake mwaka 1962. Kwame Nkrumah aliizindua rasmi ya Legon, Ghana, tarehe 25 Oktoba 1963, akiwataka wasomi waitazame Afrika kwa macho ya Mwafrika na wasijifungie maktabani. Nairobi, mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati, na fasihi simulizi ipewe heshima sawa na iliyoandikwa. Pendekezo lao lilikuwa na maana moja kubwa: bibi anayesimulia ngano kijijini ni mwenye taaluma, naye chuo kimtambue.

Dhana: Mwanakijiji ni wa kuhojiwa, elimu iko chuoni Mlimani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mfano bora kabisa wa kuikanusha dhana hii ni wa hapa hapa Tanzania.

Kwa miaka zaidi ya hamsini, habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 zilisomwa hasa kupitia maandishi ya Wajerumani. Gavana von Götzen na maofisa wake waliwatupia lawama waganga: watu wamedanganywa na ushirikina, wakaasi. Maelezo hayo yaliifaa serikali ya kikoloni, kwani yaliipa nafasi ya kutojiuliza imewafanyia nini watu hao.

Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikiwa na wasomi kama Gilbert Gwassa na John Iliffe, iliwatuma wanafunzi wakawasikilize wazee wa kusini. Wanafunzi wengi walikwenda maeneo ya kwao, ambako walijua lugha ya nyumbani na walijua namna ya kumwamkia mzee kabla ya kumuuliza jambo. Ulikuwa wakati wa mwisho mwisho. Kijana aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa na miaka 78 wanafunzi walipobisha hodi.

Wazee walieleza mambo ambayo jalada la Kijerumani halikutaka kuyasema. Walieleza mashamba ya pamba ya lazima yaliyoanzishwa mwaka 1902, ambako mtu alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka, viboko vya maakida vikimsubiri mzembe. Walieleza watu wa Nandete, Umatumbini, walivyong'oa pamba mwezi Julai 1905 kama tangazo la vita. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa tarehe 4 Agosti 1905 vita vikiwa bado vichanga, akaonekana katika simulizi zao kama mtu aliyewapa watu wa makabila mbalimbali sababu ya kusimama pamoja.

Kilichonigusa zaidi katika kazi ile ni kwamba wazee hawakukubaliana. Wangoni waliingia vitani kwa sababu zao na chini ya watawala wao. Kuna waliokataa maji, ile dawa iliyoaminiwa kuwalinda na risasi, kuna waliopigana upande wa serikali. Chuo kilitaka historia ya taifa moja lililosimama kwa pamoja, na ule ulikuwa wakati wa kuitamani sana historia ya namna hiyo. Wenye kumbukumbu wakaonyesha kwamba mambo yalitofautiana bonde kwa bonde. Kwa hiyo wazee hawakuwa kisima cha kuchotea habari tu. Waliwasahihisha wasomi, na kila anayeandika kuhusu Maji Maji leo anasimama juu ya masahihisho hayo.

Dhana: Utafiti shirikishi ni mtindo wa wafadhili

Neno "shirikishi" limekuwa la lazima kwenye kila andiko la mradi, kiasi kwamba wengi wanaamini lilishuka na wafadhili uwanja wa ndege. Historia inasema vingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyeishi miaka mingi nchini na kufanya utafiti kwa Wazaramo, alikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akijaribu njia tofauti: wanakijiji na wanafunzi wachambue pamoja tatizo linalowasumbua, badala ya mtafiti kuja na dodoso lililokwisha kupangwa. Njia hiyo ikaendelezwa Bagamoyo magharibi katika mradi wa Jipemoyo, ulioendeshwa na watafiti wa Finland pamoja na wizara iliyoshughulikia utamaduni, wakifanya kazi na wakulima na wafugaji wa huko. Wakati huo huo mtafiti Budd Hall alikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo bado ilikuwa chini ya Chuo Kikuu. Mwaka 1973 taasisi hiyo ilikuwa katikati ya kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu.

Hall alihamia Kanada akiwa na somo alilojifunza hapa, akalieneza huko, na hatimaye Chuo Kikuu cha Victoria kikawa na jina kubwa katika utafiti unaofanywa pamoja na jamii. Kwa hiyo mgeni anapokuja kutufundisha utafiti shirikishi, tumkaribishe vizuri, halafu tumweleze habari za Bagamoyo.

Dhana: Kibali kikitoka, ruhusa imekamilika

Tanzania vibali vya utafiti viko chini ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kenya viko chini ya NACOSTI, tume ya huko ya namna hiyo. Ni vya lazima, na ni vizuri vipo. Mtafiti huchukua barua, akapita mkoani, wilayani, kwenye kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Barua ikigongwa muhuri anadhani njia iko wazi. Muhuri unaonyesha kwamba serikali imemruhusu kuwa pale. Mzee aliyekalishwa mbele ya kinasa sauti bado hajasema ndiyo.

Wasani, jamii ya asili ya wawindaji wa Afrika Kusini, walilijua hili kwa gharama. Elimu yao ya mmea wa hoodia, walioutumia kutuliza njaa, iliingizwa kwenye hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya taasisi ya utafiti ya nchi hiyo bila wao kushauriwa, na ikachukua hadi mwaka 2003 kufikia makubaliano ya kugawana faida. Mwaka 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe za maadili kwa mtafiti yeyote anayewaendea: heshima, ukweli, haki na kujali. Nijuavyo mimi, hakuna kinachowazuia watu wa Kilwa au Ujiji kukaa na kuandika za kwao.

Dhana: Ushirikiano ni msaada

Hii haihitaji maneno mengi. Jamii inatoa wakalimani, wenyeji, kumbukumbu, picha za familia, na siku nzima za kazi ambazo shamba limelala. Chuo kinapata shahada, machapisho na vyeo. Anayetoa zaidi haitwi msaidiwa.

Mtafiti akifika, serikali ya kijiji ina maswali ya kumuuliza mapema, kabla ya chai. Sauti zitakazorekodiwa zitakaa wapi, na mjukuu wa msimulizi atazisikiliza vipi? Msaidizi wa utafiti, yule kijana wa hapa hapa anayejua kila nyumba, jina lake litaandikwa kwenye chapisho au ataishia na posho? Mrejesho utakuja kwa Kiswahili? Na fedha za kurudi kuutoa zimeandikwa kwenye bajeti? Zisipokuwemo, hatarudi hata akiwa na nia njema namna gani, kwa sababu nauli ya Dar hadi Liwale haitoki mfukoni mwa mwanafunzi.