Je, wajua kwa nini roketi hutua baharini na nchi kavu ipo?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na jibu langu, na siku moja nikalitoa kwa kinyozi pale Kondele, Kisumu, huku video ya roketi ikichezwa kwenye simu ya mteja: inatua baharini kwa sababu maji ni laini. Kinyozi akazima mashine akaniuliza kama nimewahi kuruka ziwani pale Dunga nikaangukia tumbo. Nimewahi.

Kumbe hata maji yenyewe hayaguswi. Kile kipande cha chini cha roketi ya Falcon 9, yaani busta yenye injini tisa, hutua kwa miguu minne juu ya tishari, yaani chombo bapa kinachoelea baharini, na sitaha ya tishari ni ngumu tu kama sakafu ya zege. Maji ya chumvi yakiingia kwenye injini hizo ni hasara. Nikahamia jibu la pili: basi ni kuogopa kuangukia watu. Hofu hiyo ipo, lakini haitoshi. Desemba 2015 busta ilirudi salama hadi Cape Canaveral, Florida, ikatua nchi kavu, miezi kadhaa kabla ya nyingine kufaulu baharini Aprili 2016. Nchi kavu ilishawezekana, sasa bahari ya nini?

Kosa letu ni kudhani roketi hupanda wima kama moshi wa jikoni. Hupanda hivyo kidogo tu, kisha huinama na kukimbia kando, kwa sababu kinachoweka setilaiti angani ni mbio za kando zaidi ya kimo. Busta inapoachana na sehemu ya juu, dakika mbili na nusu hivi tangu kuruka, huwa inaelekea baharini kwa karibu kilomita 8,000 kwa saa.

Mfikirie mtu wa boda anayepeleka mzigo Ahero kutoka Kisumu, na huko aendako hakuna petroli hata ya chupa. Akitaka kurudi abebe jerikeni, na jerikeni itakaa pale ambapo gunia lingekaa. Tena ni nzito, kwa hiyo pikipiki inakunywa zaidi hata wakati wa kwenda. Sasa mnyang'anye breki na kona: ili ageuke, lazima injini imsukume kinyume mpaka asimame, kisha aanze mbio upya. Hayo ndiyo mafuta ya kurudi nyumbani. Busta nayo, tishari huingoja mbele, mara nyingi zaidi ya kilomita 600 kutoka kituo cha kurushia, kama kutoka Kisumu hadi kukaribia Mombasa. Mafuta ya kupunguza mwendo bado yanahitajika. Ya kugeuza safari, hapana.

Mzigo mwepesi, busta hurudi nchi kavu na kuokoa siku za kukokotwa bandarini. Mzigo mzito, bahari. Aprili 2019 Falcon Heavy, roketi kubwa zaidi yenye busta tatu, ilifanya yote mawili: busta mbili za pembeni zilirudi Florida, ya katikati ikatua kwenye tishari, imesimama wima kabisa. Njiani kurudi, mawimbi yakaiangusha.

Nilimsimulia kinyozi. Akauliza, "Kwani hawakuifunga?" Nikacheka, kisha nikaenda kusoma. Kulikuwa na roboti ya kuishikilia busta sitahani, ila haikuwa imetengenezewa ile ya katikati.