Mwenye imani haogopi kamwe? Biblia haisemi hivyo

Muumini akikiri kanisani kwamba anaogopa majibu ya hospitali, mara nyingi huambiwa, “Imani yako ni haba.” Anarudi nyumbani na mizigo miwili: ugonjwa na hatia. Hiyo si haki kabisa.

Mtazame Paulo akiwa Korintho. Usiku, katika maono, Bwana alimwambia: “Usiogope, bali nena, wala usinyamaze” (Matendo 18:9). Asiye na hofu haambiwi hivyo! Tena hakukemewa, aliahidiwa kwamba Bwana yu pamoja naye. Baadaye Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho, bila kuona haya, kwamba alikuwa kwao katika udhaifu, hofu na matetemeko mengi (1 Wakorintho 2:3). Na katika hali hiyohiyo alikaa mjini humo mwaka mmoja na miezi 6, akifundisha.