Mwili wa mtoto haujazoea amoksilini

Wiki hii nimeisikia mara tatu, ya mwisho kwa mama aliyefuata majibu ya usaha wa jipu la mwanawe: "Daktari, mwili wa huyu mtoto umeshaizoea amoksilini." Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, lakini hilo la kuitwa daktari nililipitisha. La mwili kuzoea dawa siwezi kulipitisha tena.

Mwili hauzoei antibiotiki. Mtoto ni yule yule, aliyebadilika ni bakteria. Wenye elimu kidogo nao huongeza kosa la pili: eti bakteria "amejifunza" dawa kwa kuionja kidogo kidogo, kama mtu anavyozoea pilipili. Dawa haimfundishi kitu. Inaua wanyonge na kumwachia uwanja yule ambaye tayari ana jeni, yaani agizo lililoandikwa kwenye DNA yake, ya kujikinga, na mara nyingi jeni hiyo hakuitunga mwenyewe, kaletewa. Staphylococcus aureus, ndiye tuliyemwotesha kutoka kwenye jipu lile, huletewa zaidi na virusi.

Virusi hao ni faji, wawindaji wa bakteria. Faji hujibandika juu ya bakteria, akamdunga DNA yake, na kumgeuza karakana ya kutengeneza faji wengine. Vichwa vitupu vinaundwa, kisha kila kimoja kinajazwa DNA mpaka kishibe. Anayejaza hukosea mara chache: badala ya DNA ya faji, anasokomeza kipande cha DNA ya bakteria mwenyewe. Karakana inapasuka, kichwa hicho kinatoka na wenzake, kinajibandika kwa bakteria mwingine na kumdunga. Huyu hafi, maana hakudungwa kirusi. Amedungwa mali ya marehemu. Ikiwa ndani yake mna jeni ya penisilinasi, kimeng'enya kinachovunja dawa za jamii ya penisilini, tayari anaivunja amoksilini, na ampisilini pia, kwa hiyo kubadilisha rangi ya kidonge dukani hakukusaidii.

Nakisia anayesoma atasema bakteria hao si waligusana tu wakapeana? Wapo wanaogusana. Lakini wanasayansi Norton Zinder na Joshua Lederberg walitumia bomba la kioo lenye umbo la U, katikati limezibwa kwa chujio ambalo bakteria hapiti, aina moja ya bakteria Salmonella huku na nyingine kule. Jeni zilivuka. Kilichopita kwenye chujio kilikuja kujulikana kuwa faji P22. Walichapisha mwaka 1952, na mimi bado nabishana juu ya hilo kwenye dirisha la majibu.

Ushauri wangu, na nitaurudia hadi nistaafu: jipu lipasuliwe, usaha uoteshwe, majibu yasubiriwe. Acheni kununua vidonge viwili viwili.

Dirishani huja na mengine. "Basi hao faji wataniingilia na mimi." Hapana. Hawana pa kujibandika kwenye seli ya binadamu. Tumboni mwako wamejaa hivi sasa, na umekula vizuri.

"Bakteria wa kipindupindu ana sumu yake ya asili." Jeni ya sumu ile ni ya faji aitwaye CTX, aliyejichomeka kwenye kromosomu, uzi mkuu wa DNA, ya bakteria huyo, Vibrio cholerae, Matthew Waldor na John Mekalanos walilionyesha hilo mwaka 1996. Wanafunzi wangu hulichanganya na kisa cha jipu. Kwenye jipu faji alibeba jeni ya bakteria kwa bahati mbaya, kwenye kipindupindu anabeba yake mwenyewe. Vibrio asiye na faji huyo hana sumu ile.

Na la mwisho, lililonifanya niweke kalamu chini: "Nipe siprofloksasini iwaue hao virusi." Antibiotiki haiui kirusi. Siprofloksasini hujeruhi DNA ya bakteria, na jeraha hilo laweza kumwamsha faji aliyelala ndani ya kromosomu. Kwa E. coli O157, bakteria wa kuharisha damu, ambaye sumu yake ya Shiga imo kwenye faji wa namna hiyo, kumwamsha ni kuongeza sumu, ndiyo maana madaktari husita kumpa mgonjwa wake antibiotiki hata akililia.