Ranfleti maana yake nini, na kwa nini gari ya spoti haina spea

Watu wengi wakinunua gari ya spoti iliyotumika kutoka Japani wanaangalia injini, wanaangalia rangi, wanasikiliza mlio, ila chini ya kapeti la buti hawaangalii mpaka siku ya pancha. Hapo ndo mtu ananyanyua kapeti akitafuta spea anakuta ndoano ya kuvutia gari na bisibisi, basi. Spea hamna, jeki hamna, spana ya matairi hamna. Wa kwanza kulaumiwa ni aliyemuuzia, wakati mara nyingi gari ilitoka kiwandani hivyo hivyo, na neno la kulielewa hapo ni ranfleti.

Ranfleti ni tairi inayoweza kubeba gari hata upepo ukiisha wote. Naomba lieleweke vizuri maana wengi wanalichukua vibaya, sio tairi isiyopata pancha. Msumari unaingia kama kawaida, upepo unatoka kama kawaida. Tofauti iko kwenye ubavu. Tairi ya kawaida inabebwa na upepo, ule mpira wa pembeni ni mwembamba, upepo ukiisha unakunjika, rimu inashuka inaanza kuukata, ukienda kilomita moja au mbili tu tairi imekwisha. Ranfleti ubavu wake umeongezwa tabaka nene la mpira mgumu unaovumilia joto, kwa hiyo upepo ukiisha ubavu wenyewe unasimama na kubeba uzito wa gari. Ila unasimama kwa muda. Kila tairi ikizunguka ubavu unajikunja na kujikunjua, inazaliwa joto, na joto ndo linaloiua mwishoni. Ndo maana kipimo kinachotajwa na watengenezaji wengi ni kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Kutoka Chalinze mpaka Morogoro ni karibu hapo hapo, ila ukiwa umepakia mizigo, jua kali na lami ya moto, usiihesabu hiyo 80 kama haki yako, nenda taratibu na simama kwenye gereji ya kwanza ya maana.

Utaijuaje? Soma ubavuni. Bridgestone wanaandika RFT, Michelin wanaandika ZP, Continental SSR, Goodyear ROF, Dunlop DSST. BMW wana alama yao ya RSC ndani ya duara. Kama hakuna hata moja kati ya hizo basi kuna uwezekano mkubwa una tairi ya kawaida, na hapo kuna hatari ambayo nitaisema chini maana mimi imenikuta.

Kwanza kwa nini wanaondoa spea. Uzito ni sababu moja, tairi kamili na rimu yake inaweza kufika kilo 20 na zaidi, ukiongeza jeki na spana unabeba mtoto wa shule muda wote bure. Nafasi pia, buti la gari ya viti viwili ni dogo. Lakini sababu ninayoiona kubwa zaidi ni kwamba kwenye gari nyingi za spoti matairi ya mbele na ya nyuma hayalingani. BMW Z4 ya kwanza, ile wanayoiita E85, ikiwa na rimu za inchi 18 mbele inavaa 225/40 na nyuma 255/35, yaani za nyuma ni pana zaidi. Sasa spea moja ungeiweka ya wapi? Ungehitaji mbili. Ukiweka ile spea nyembamba ya 80 kwa saa, kwenye gari zenye breki kubwa rimu ndogo inaweza isipite hata kwenye kaliper, na ukiifunga nyuma kwenye gari yenye difu ya LSD, ile inayobana magurudumu mawili yazunguke karibu sawa, gurudumu moja litakuwa linazunguka zaidi ya lingine njia nzima na difu inateseka. Porsche kwa miaka mingi walitatua kwa njia nyingine kwenye 911, waliweka spea iliyokunjwa bila upepo, unaijaza kwa kampresa ndogo ukishaifunga. Corvette wao mwaka 1997 ilipotoka ile C5 waliamua moja kwa moja, spea hakuna, gari zilikuja na ranfleti na kipimo cha upepo kwenye dashibodi.

Hicho kipimo sio urembo. Ranfleti ikiisha upepo kwa macho inaonekana kama nzima, na ukiwa unaendesha unaweza usihisi kitu, kwa hiyo bila taa ya kukuambia utaendelea na 120 yako mpaka tairi ipasuke kweli. Gari nyingine zina sensa ndani ya kila gurudumu inayopima upepo wenyewe. Nyingine, kama hiyo Z4 ya E85, zinatumia sensa za breki za ABS, gurudumu lililopungua upepo linakuwa dogo kidogo na linazunguka haraka kuliko wenzake, kompyuta inaona hiyo tofauti inawasha taa. Aina hii ya pili lazima uifundishe upya kila ukijaza upepo au kubadili tairi, unabonyeza kitufe au unaingia kwenye menyu. Asilimia kubwa ya watu hawafanyi hivyo, matokeo yake taa inawaka ovyo, mwisho wanaipuuza, na siku ya siku inawaka kweli na hawajali.

Mimi yangu ilikuwa hivi. Nilinunua Z4 kwa mtu hapa Dar, nzuri sana, matairi mapya kabisa yanang'aa, nikafurahi. Sikusoma ubavuni. Aliyekuwa nayo alishatoa ranfleti akaweka za kawaida, na simlaumu kwa kuzitoa maana ranfleti ni bei, ni ngumu, kila tuta na kila shimo mgongo unajua. Shida ni kwamba alitoa ranfleti na hakuweka kitu chochote badala yake. Gari imeundwa iende bila spea kwa sababu ina ranfleti, ukiziondoa umebaki huna spea wala ranfleti. Mi sikulijua hilo mpaka kilomita kama tano kabla ya Chalinze, jioni, pancha ya tairi la nyuma kulia. Taa ilikuwa inawaka tangu wiki iliyopita nikaizoea. Nilipohisi gari inayumba nikaendelea kidogo kutafuta pa kusimama pazuri, hicho kidogo ndo kilichomaliza tairi.

Dereva wa lori alisimama, Mungu ambariki, akatoa jeki yake, haiingii. Gari iko chini na tairi imelala, jeki ya lori ina kimo kuliko nafasi iliyopo. Akaniambia endesha gurudumu lipande juu ya ubao, tukapata ubao kwake, gari ikanyanyuka inchi kadhaa jeki ikaingia. Kumbuka jeki inawekwa kwenye sehemu zake maalumu chini ya ubavu, kuna alama, ukiweka popote unakunja bodi. Kwenye bolti kukawa na lingine, moja ya tano ilikuwa ya loki, inahitaji soketi yake ya pekee, bahati ilikuwa kwenye kisanduku cha mbele cha abiria. Gurudumu likapanda bodaboda mpaka kwa fundi pancha Chalinze, akalifungua, ndani kumejaa unga mweusi wa mpira. Ukiona huo unga jua ubavu umeshakatika kwa ndani, haizibiki hata kama tundu la msumari ni dogo. 255/35 R18 pale haikuwepo, nikalala, tairi ikaja asubuhi kwa basi kutoka Dar.

Kwa hiyo kabla ya safari jua una nini kati ya vitu vitatu: ranfleti, seti ya gundi na kampresa, au huna kitu. Seti ya gundi ndo wanayoweka kwenye gari nyingi siku hizi ambazo hazina ranfleti, Mazda MX-5 tangu ile ya 2005 kwa mfano. Ni chupa ya majimaji kama maziwa na pampu ya kuchomeka kwenye soketi ya 12V. Msumari ukiuona usiuchomoe, uache. Tikisa chupa, unga bomba kwenye valvu, washa injini, jaza mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye mlango, kisha ondoka hapo hapo maana majimaji yanatakiwa yazunguke ndani yafunike tundu. Ukienda kilomita kama kumi simama upime. Kama imebaki karibu ilivyokuwa, jaza uendelee chini ya 80. Kama imeshuka chini ya bar 1.3 hivi, imekataa, usilazimishe. Gundi inaziba tundu dogo la kwenye kashata, yaani uso wa tairi unaokanyaga barabara, milimita nne mpaka sita, ubavu haizibi kabisa. Na chupa ina tarehe ya kuisha, gari iliyotoka Japani na miaka nane au kumi chupa yake huenda imeshaganda zamani, iangalie leo.

Ukifika kwa fundi mwambie mapema kwamba ndani kuna gundi, maana akifungua bila kujua inamwagika yote, na tairi lazima ioshwe ndani kabla ya kubandika kiraka. Kama gari ina sensa ndani ya gurudumu nayo isafishwe. Ranfleti nayo isipelekwe kwa fundi yeyote tu, ubavu wake mgumu hautoki kwa mitaimbo ya mkono bila kukwaruza rimu, inataka mashine. Na ranfleti iliyokwisha kutembea bila upepo wengi wa watengenezaji wanataka ikaguliwe ndani au itupwe, kwa nje inakudanganya.

Kwa wale wa Porsche 911 GT3 na gari za nati moja katikati ya gurudumu, hizo hazifunguliwi barabarani jamani, nati yake inakazwa kwa nguvu ya hadi Nm 600 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia) wakati bolti za 911 ya kawaida ni kama 160, fundi wa pembeni mwa barabara hana soketi wala mkono wa kufika huko. Hapo ni kuita gari ya kubeba, na iwe ile ya kitanda inayopandisha gari nzima, sio ya kuburuta. Ile ndoano kwenye buti ndo kazi yake, kuna kifuniko kidogo kwenye bampa, unakitoa unaizungushia humo, wasije kukufunga mnyororo kwenye mkono wa sospensheni.

Mi sikurudi kwenye ranfleti, barabara ninazopita naona za kawaida zinanifaa zaidi na zimetulia mwilini. Ila sasa buti langu lina kampresa, chupa mpya ya gundi, ule uzi wa kuziba tyublesi na sindano zake, jeki fupi ya chini, soketi ya loki, tochi, na kipande cha ubao cha inchi mbili nilichokatiwa na seremala, kirefu cha kutosha gurudumu la nyuma kupanda.