Farumi: uzito unaookoa chombo, na yanayosemwa visivyo juu yake

Farumi ni uzito unaopakiwa chomboni si kwa kuuzwa, bali kukifanya chombo kitulie majini. Jahazi likishusha shehena na kuondoka tupu huelea juujuu, na upepo ukilijaza tanga linakwenda mrama. Hapo ndipo mawe au mchanga huingia ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo.

Dhana: Farumi ikizidi, usalama unazidi.
Kinachookoa ni mahali uzito ulipo. Kilo 50 zikikaa karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo) hukiinua chombo kinapolala. Kilo hizohizo zikiwekwa juu hukilaza zaidi. Ukijaza kupita kiasi, chombo huzama mpaka ukingo unakaribia maji, na kila wimbi hukirudisha kwa kishindo kinachoumiza mlingoti na kamba.

Meli ya vita ya Uswidi, Vasa, ilizama Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 baada ya kwenda kama mita 1,300 tu. Ilibeba karibu tani 120 za mawe. Wengi husema mawe yangeongezwa isingezama, lakini matundu ya chini ya mizinga yalikuwa tayari karibu na maji, na uzito zaidi ungeyashusha. Kosa lilikuwa la umbo: juu kulikuwa kuzito mno.

Dhana: Jiwe lolote, mchanga wowote, popote.
Dhana hii huweza kukipindua chombo. Mchanga mtupu huziba njia za maji kati ya mataruma (mbavu za chombo), na maji yakijaa hayakumbiki kwa upo, chombo cha kutolea maji. Utie kwenye magunia. Mawe bapa ndiyo mazuri: makubwa yatangulie, madogo yakaze mapengo, na pabaki shimo la kukumbia maji. Jiwe la duara huviringika, na chombo kikilala hukimbilia demani, upande upepo unakoelekea; hapo hakiinuki tena. Mkipiga bisho, yaani mkienda kwa kukata upepo huku na huku, magunia yahamishiwe joshini, upande upepo unakotoka, kila chombo kinapogeuzwa, yasibaki demani.

Dhana: Maji hayawezi kuwa farumi.
Meli za leo hutumia maji ya bahari ndani ya matangi. Hatari ni tangi lililojaa nusu: maji hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito, kwa hiyo tangi lijazwe pomoni au liachwe tupu. Maji hayo pia husafirisha viumbe kutoka bahari moja hadi nyingine. Mkataba wa kimataifa wa kuyadhibiti ulipitishwa 2004 na kuanza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Hadi Septemba 2024, meli iliyobadilisha maji hayo safarini ilitakiwa, ilipowezekana, iwe angalau maili 200 za baharini kutoka nchi kavu, penye kina cha mita 200 au zaidi.

Dhana: Kokoto za reli ni za kukandamiza tu.
Kokoto hizi nazo huitwa balasti, kutoka neno la Kiingereza la farumi, ballast. Hugawa uzito wa treni, hushika mataruma yasisogee (ndiyo, neno lilelile la mbavu za jahazi) na hupitisha maji ya mvua. Lazima ziwe zimepasuliwa, zenye kona kali. Kokoto za mtoni ni laini, huteleza. Zikichanganyika na tope, reli hupanda na kushuka treni inapopita.

Dhana: Balasti ya taa ya tyubu ni ya uzito.
Jina limefanana, kazi ni nyingine. Mafundi huiita choki. Huzuia umeme usizidi ndani ya tyubu. Ukiunganisha tyubu ya fluoresenti bila choki, inaungua.